Namba ya Nyuma ya Kadi

Lifti ya lile jengo refu iligoma mchana kweupe, watu wamejaa ndani. Fundi alipofanikiwa kufungua mlango, wa kwanza kutoka alikuwa dada mmoja mwenye gauni la kijani na hereni kubwa, jasho linamtiririka na mdomo haujatulia.

"Kaka, ningekufa humo ndani, mama yangu ungemwambia nini?"

"Ningemwambia umekufa unaongea."

Watu wakaangua kicheko. Yule dada naye akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi, ovaroli imepauka na grisi imempanda hadi kwenye nyusi, akajikuta anaomba namba ya simu bila hata kujipanga.

Kumbe dada alikuwa anafanya kazi humo humo jengoni, kupokea simu za wateja wenye malalamiko. Fundi akampachika jina la Chiriku, na mapenzi yakakolea. Simu zikawa hazikatiki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi la lifti."

"Basi njoo nikupe maji ya kushushia, masikini wangu."

Wacha wee, walipendana! Lakini miezi ilivyosogea, Chiriku akaanza kupungua maneno. Akirudi kazini analala na viatu. Hereni akazifungia kabatini. Machozi yakawa yanamtoka tu, hata mwenyewe hajui analilia nini. Siku moja akajikaza, akasema huku uso kaugeuzia ukutani.

"Nimekwenda kwa daktari wa akili. Anasema ni sonona. Usimwambie mtu. Kazini wakijua, nimekwisha."

"Nimwambie nani mimi, roho yangu?"

Jamani, nia njema nayo! Chiriku alikuwa anamlipa daktari kutoka mfukoni kwake, maana kadi ya bima aliyopewa na ofisi aliiogopa kama moto. Aliamini kila akiitumia, bosi anaona anaumwa nini. Mshahara ulipomshinda, akaanza kuruka miadi. Fundi akaona mwenzake anazama, akashindwa kuvumilia. Sasa katika kazi yake, lifti ikikwama unampigia meneja wa jengo. Basi na yeye akafanya vivyo hivyo. Akampigia ofisa utumishi wa ofisini kwa Chiriku, akauliza kama bima yao inalipia magonjwa ya akili. Akaulizwa, ya mfanyakazi gani? Akataja jina.

Kesho yake wenzake Chiriku wakawa wanaongea naye polepole, kwa sauti ya kubembelezea watoto. Bosi akamwondoa kwenye simu za wateja, eti apumzike kidogo. Chiriku akatoka nje, akampigia Fundi.

"Ulimwambia nani?"

"Nilikuwa naulizia bima tu, mpenzi..."

"Bima! Umenivua nguo mbele ya ofisi nzima, halafu unaniita mpenzi?"

"Chiriku, nisikilize..."

"Usiniite hivyo! Futa namba yangu."

Fundi alimpigia asubuhi, alimpigia jioni, hapatikani. Alikwenda mpaka mlangoni kwake akagonga, akasikia mtu anapumua upande wa pili na hafungui. Fundi akarudi kwake akalia, mtu mzima na ndevu zake. Alimpenda yule mwanamke mpaka chakula kikawa hakipiti, na aliyemwumiza ni yeye mwenyewe.

Halafu alasiri moja simu ikaita. Alikuwa dada yake Chiriku.

"Shemeji, uko wapi? Njoo hospitali. Mdogo wangu anasema bora alale asiamke tena. Njoo, nakuomba!"

Fundi alimwachia mwenzake kazi akakimbia na ovaroli yake. Mapokezi palikuwa pamefurika. Chiriku alikuwa kwenye benchi, kajifunika koti la dada yake, macho yako wazi lakini hayaangalii kitu. Alipomwona Fundi akageuza uso.

Daktari alishasema alazwe siku hiyo hiyo. Tatizo lilikuwa kwenye dirisha la malipo.

"Bima hailipi magonjwa ya akili," mhudumu alisema bila kuinua kichwa, akamrudishia dada yake Chiriku kadi. "Lipeni kianzio kwanza."

Dada alishaanza kuvua bangili akauze.

"Nani kakwambia hailipi?" Fundi akauliza.

"Ndivyo ilivyo siku zote."

"Shemeji, nipe hiyo kadi."

Akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na namba ya simu ya bima wenyewe, namba ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuipiga. Akaipiga pale pale kwenye benchi, akaweka spika maana kelele zilikuwa nyingi, akasoma namba ya kadi.

"Mgonjwa wangu ana sonona, daktari anataka alazwe leo. Mnalipa au hamlipi? Niambie moja!"

"Pole sana, kaka," sauti ya mwanamke ikajibu. "Mmeshalipa chochote?"

"Bado."

"Msilipe. Kadi hiyo inalipia kulazwa kwa ugonjwa wa akili, ila daktari aombe kibali kwetu kwanza. Akilazwa bila kibali, mtalipa wenyewe."

"Na ofisini kwake mtawaambia?"

"Anachoumwa hatuwaambii kamwe. Hiyo ni siri yake."

Chiriku akafumba macho. Miezi yote ile alilipa mfukoni na kuruka miadi kwa kuogopa kitu ambacho hakikuwepo.

"Wewe ni nani wake, kaka?" yule mwanamke akauliza.

Fundi akamtazama Chiriku. "Mimi... nilikuwa... mimi ni mtu tu."

"Basi nahitaji kumsikia mwenyewe. Akubali kwa sauti yake."

Fundi akapiga magoti kwenye sakafu ile, watu wanatazama.

"Usinisamehe. Nichukie mpaka uchoke. Lakini sema neno kwenye hii simu, halafu uendelee kunichukia ukiwa hai. Nakupenda. Sijui nitafanya nini kwenye dunia ambayo wewe haumo."

Dada yake Chiriku akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Dada, unanisikia?" ile sauti ikaita.

"Nakusikia."

"Unakubali daktari atuombee kibali?"

"Nimechoka."

"Najua, dada yangu. Unakubali?"

Chiriku akaivuta simu karibu. "Nakubali."

"Asante. Na huyu kaka, tumwandike nani wako?"

Chiriku alimtazama yule mwanamume aliyepiga magoti mbele yake. Bado alikuwa na hasira naye, hasira kwelikweli.

"Mwandike mchumba," alisema.

Kibali kilikuja kabla ya jua kuzama. Kilikuwa cha siku chache, zaidi ya hapo itabidi kiombwe upya, na hakuna aliyejua itakuwaje. Muuguzi akaja kumchukua. Fundi akamsindikiza mpaka mlango wa wodi.

"Mchumba? Tangu lini?"

"Usinichekeshe. Sina nguvu."

"Basi nikuulize kwa adabu, utaolewa na mimi?"

"Niulize nikitoka."

"Utatoka?"

Muuguzi alikuwa ameshika mlango. Chiriku akafikiri kwanza.

"Nataka kutoka," alisema, na kilikuwa kitu cha kwanza alichokitaka tangu alipoanza kuumwa.