Duara la Nne

Kila Jumamosi, akishateka maji, Aloyo huosha Landrova ya baba yake nje ya nyumba yao kwenye kambi ya polisi, Nsambya. Baba huyo, Sajini Okidi, fundi wa magari, alilinunua gari hilo likiwa chuma chakavu, akalijenga upya kwa miaka sita. Aliliinua juu ya matairi mapana, akalitilia viti vya ngozi ya ng'ombe na ngazi ya kupandia juu ya paa. Gari lenyewe lilimzidi Baba umri! Watoto wa kambi wakilipita husimama midomo wazi. Aloyo naye, pamoja na kulizoea, bado alilistaajabia.

Sasa Baba alikuwa analiuza, na leo mnunuzi angekuja. Aloyo alipoinama na ndoo yake, aliona maduara meupe ya chaki: moja kwenye kutu ya sakafu, jingine kwenye taa ya nyuma, la tatu kwenye mpira wa breki ulioanza kupasuka. Hiyo ndiyo kawaida ya Baba. Penye kasoro huchora duara, mnunuzi ajionee mwenyewe.

"Gari zuri hivi lichorwe kama ubao wa darasani?" Aloyo alinung'unika, akayafuta yote.

Baba hakuwa amerudi kutoka zamu alipofika Mama Nabangala, mfanyabiashara Mkenya anayeishi Bugolobi. Alilizunguka gari mara mbili, mkono kifuani.

"Kumbe ndiyo hii? Mungu wangu! Baba yako aliniambia kwa simu, penye chaki pana shida. Mbona sioni chaki?"

Aloyo alikificha kitambaa chake mgongoni.

"Basi ni nzima kabisa. Kesho naenda nayo Kapchorwa na watoto wangu wawili."

Kapchorwa, kule milimani! Aloyo aliukumbuka ule mpira wa breki. Akisema, mnunuzi ataondoka na Baba atakasirika. Asiposema, je, wale watoto?

"Samahani, Mama. Chaki ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeifuta."

Alikimbilia ndani, akaleta chaki, akalala chali chini ya gari na kuanza kuchora. Baba aliporudi alimkuta na vumbi hadi nyweleni. Mama Nabangala akamweleza yote. Baba alilikagua gari, akakunja uso.

"Mimi nilichora matatu. Hili la nne, kwenye mlango wa nyuma, ni la nini?"

"Nilining'inia kwenye mlango huo nikicheza, Baba. Kitasa kimelegea. Kwenye mashimo ya barabarani utafunguka wenyewe."

Baba, aliyeijua kila nati ya gari hilo, hakuwa na habari. Alimtazama bintiye kama watoto wa kambi wanavyoitazama Landrova.

"Tengeneza hizo kasoro zote nne, Sajini," alisema Mama Nabangala. "Gari nachukua Jumatano."

Baba akachuchumaa mbele ya Aloyo. "Kufuta ulikosea sana, mwanangu. Watu wangekufa. Lakini umesema kweli huku ukiogopa, hata lile ambalo hakuna aliyelijua. Kuwa hivyo siku zote."

Kisha akaifunga chaki ndani ya kiganja cha Aloyo. "Gari lijalo utachora wewe."