Pete ya Mama

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani. Mama yake alikuwa na kidonda mguuni, kila kikifunga kinatunga usaha upya. Muuza mashine za tiba ya umeme akamshauri aache dawa za hospitali, ameze vidonge vyake vya lishe, na jioni ajibandike nyaya mguuni. Umeme ulipomzidi, mama hakupiga kelele, asije akamwamsha mjukuu. Aligonga tu chuma cha kitanda kwa pete yake, ngo, ngo, naye fundi akazima. Hatimaye usaha ukaingia kwenye damu. Wakamzika na pete yake kidoleni.

Msiba ulipokwisha, fundi akambeba mtoto wake mgongoni na mashine mkononi, akaenda dukani.

"Umeniulia mama!"

"Dada, mama alichelewa tu," muuzaji akacheka. "Mashine haina kosa. Tazama."

Akaichomeka ukutani, akajibandika nyaya mkononi, akawasha. Mara umeme ukakatika mtaa mzima. Duka halikuwa na dirisha, giza likawafunika. Lakini mashine ikaendelea kunguruma, ngrrr, ikizidi kupanda.

"Nizimie, dada! Vidole vimekakamaa!"

Fundi hakusogea.

"Onja na wewe," akasema. "Mama yangu alionja."

Muuzaji akalia kama mtoto. Ndipo nyuma yake, kwenye rafu ya chuma, kitu kikagonga, ngo, ngo, polepole, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto.