Nitakuhudumia, Usinitukane

Kokulinda ni muuguzi. Anaishi Pasiansi na mumewe, Venant. Asubuhi hupasha kiporo cha ndizi, hunywa chai pamoja na Venant, kisha huenda kazini. Anafanya kazi katika wodi ya wanaume, hospitali moja jijini Mwanza.

Wodini alikuwapo mgonjwa aliyeitwa Mashimba, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Igoma. Kisukari kilikuwa kimemletea kidonda mguuni. Kidonda kilipaswa kusafishwa na kufungwa upya kila siku.

Mashimba alikuwa na mdomo mchafu.

"Taratibu, wewe," Mashimba alifoka Kokulinda alipofungua bandeji. "Nani alikupa unesi? Rudi kwenu Bukoba ukauze senene."

"Pole, mzee. Namalizia."

Mashimba akamporomoshea matusi ya nguoni. Wagonjwa wengine walicheka. Justa, mke wa Mashimba, aliinamia bakuli la uji, asiinue macho.

Jioni ile Kokulinda hakula. Venant alipomuuliza ana nini, alimfokea. "Niache. Na wewe unataka nini kwangu?"

Venant aliondoa sahani.

Matusi yaliendelea. Kokulinda akaanza kukwepa kitanda kile. Siku moja Justa alimfuata.

"Sista, kidonda cha mzee hakijafungwa tangu jana."

"Nakuja," alijibu. Hakwenda. Kesho yake pia hakwenda.

Daktari alipopita alisikia harufu. Kidonda kilikuwa kimeoza. Mashimba akakatwa vidole viwili vya mguu.

Felicitas, muuguzi kiongozi wa wodi, alimwita Kokulinda ofisini. Kokulinda alianza kulia kabla hajaketi.

"Dada, nimemdhuru," alisema. "Lakini nilichoka kuitwa malaya."

"Kumwacha mgonjwa bila huduma ni kosa. Sitalificha," alisema Felicitas. "Lakini mimi nilisikia matusi yale, nikayaona mambo ya kawaida ya kazi. Hilo ni kosa langu."

"Sasa nifanyeje? Nimjibu?"

"Usimjibu. Yule ana maumivu, na anaogopa kukatwa mguu. Mtu mwenye hofu huwa mkali. Lakini kumwelewa si kukubali kutukanwa. Akianza, sogea kando kidogo. Usipandishe sauti. Mwambie, 'Nitakuhudumia, lakini usinitukane.' Akizidi, niite, tumhudumie wawili. Huduma isikosekane. Na uniambie siku hiyohiyo. Usiende na uchungu huo nyumbani."

Kokulinda alipewa onyo. Alikwenda kumwomba Mashimba radhi. Mashimba alitema mate sakafuni. Kokulinda akapangusa.

Kesho yake matusi yalianza tena. Kokulinda aliacha kufungua bandeji, akasogea kando.

"Nitakuhudumia, mzee, lakini usinitukane."

"Utanifanya nini?"

"Nitamwita mwenzangu."

Akamwita. Felicitas alikuja akasimama kando ya kitanda mpaka kidonda kikafungwa. Akamwambia Mashimba kwa upole, "Mzee, hapa kila muuguzi atakwambia hivyohivyo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila muuguzi alisema maneno yale, na hakuna aliyeachwa peke yake. Mashimba alinuna, lakini matusi yalipungua. Kidonda kikaanza kukauka, na mguu ukabaki. Nyumbani, Kokulinda alimweleza Venant yote. Wakaanza kula pamoja tena.

Siku ya kuruhusiwa, Mashimba hakuaga wala kushukuru. Alisaidiwa kupanda bajaji. Justa alibaki nyuma kuchukua dawa.

"Sasa utapumzika, sista," alisema.

"Nawe pia, mama. Mzee anapona."

"Hapa mlikuwa mnakuja wawili," alisema Justa. "Nyumbani akianza matusi, niko peke yangu."

Siku zote Kokulinda alimwona mama huyu kando ya kitanda, na hakuwahi kumuuliza chochote. Akamshika mkono, akampeleka kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

"Mweleze huyu, mama. Kazi yake ni kusaidia watu wenye shida kama yako. Mimi nitakaa nawe."

Nje, Mashimba alikuwa akimwita mkewe kwa hasira. Justa alisita mlangoni. Kisha akavuta kiti, akaketi.