Kitendawili cha Getini

Saa tatu asubuhi.

Nyundo alichora kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, chumba cha nyuma, pale panaponuka oili chafu hata ukifungua dirisha.

"Kituo cha vijana. Halmashauri imewapa ruzuku. Mashine mpya za kuchomelea, jenereta, zote bado ziko ndani ya maboksi."

"Ruzuku ya nini?" Kiberiti aliuliza. Jina alilipata kwa hasira zake. Na bastola alipewa kwa sababu hiyo hiyo.

"Ya kuzuia vurugu."

Kiberiti alicheka mpaka akakohoa. "Basi hela imepotea."

"Ni kodi wanayotozwa mama zetu sokoni. Tunachukua cha nyumbani. Saa sita wafanyakazi wote wako ukumbini, wanampigia diwani makofi. Mlinzi nimeshamaliza naye. Dereva, uko nasi?"

"Niko," alisema Dereva.

Hakusema kwamba Jumatatu alikuwa aanze kujifunza pale pale, kwa mashine zile zile. Nafasi alitafutiwa na dada yake, mpatanishi wa kituo. Kazi ya dada ilikuwa hiyo: visu vikitolewa mtaani, anakwenda mikono mitupu, anaongea mpaka watu wanarudi makwao. Huwa haiti polisi. Siku akiwaita, hakuna kijana atakayemfungulia mlango tena.

Dereva aliingia chooni, akapiga simu kwa sauti ya chini.

"Dada, leo kituoni usikanyage. Nenda ukumbini, kaa huko huko."

"Kuna nini, mdogo wangu?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na unanong'ona?"

"Nisikilize tu, dada."

"Umekula?"

"Nimekula."

Akakata. Akashusha pumzi, akajiona amemwokoa. Masikini. Mtu ambaye kazi yake ni kuvifuata visu, ameonyeshwa kisu kilipo.

Saa sita na robo.

Geti lilikuwa wazi, mlinzi hayupo. Walipakia maboksi kwenye pikapu haraka, jasho likiwaingia machoni. Nyundo akakaa mbele, Kiberiti akapanda nyuma juu ya maboksi. Dereva akawasha gari, akainua macho.

Dada alikuwa amesimama katikati ya geti. Kizibao cha njano cha kazini. Viganja wazi.

"Umeita polisi?" Nyundo alimuuliza dirishani.

"Nimewahi kumwitia nani?" Akampita kwa macho, akamtazama Kiberiti. "Kitendawili."

"Tega." Lilimtoka tu, kama chafya.

"Anatoka nyumbani kwa kishindo, harudi tena, na aliyemtuma hawezi kumwita."

Kiberiti alikunja uso. Bastola ikateremka mpaka gotini. "Ngoja. Usiniambie."

"Sikuambii. Shuka ufikirie huku kivulini, mwanangu. Hilo jua litakuchemsha ubongo, na wenyewe ni mdogo."

Kiberiti akacheka. Akatoa mguu mmoja nje, akatafuta pa kukanyaga. Dereva alihisi kifua kinamfunguka.

"Nani kamwambia?" Nyundo hakuinua sauti. Bastola yake ilikuwa imeshafika kwenye mbavu za Dereva. "Haya. Mpitie juu."

"Ni dada yangu."

"Sikuuliza ni nani. Kanyaga mafuta."

Dereva alizima gari. Akauchomoa ufunguo, akautupa dirishani kwa nguvu zake zote. Uligonga ukingo wa mtaro, ukazama kwenye maji meusi.

"Hatuendi popote," alisema.

Nyundo alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja sahani. Akafungua mlango, akashuka.

"Jibu ni risasi," alimwambia dada. Akafyatua.

Kiberiti aliruka ukuta, akaacha kiatu. Nyundo akatoka getini akitembea, hana haraka. Mtaa mzima ukafunga milango.

Dereva alimlaza dada kivulini, akambana tumboni kwa kizibao. Njano ikageuka. Akapiga simu hospitali. Gari la wagonjwa limetoka na mgonjwa mwingine, wakamwambia, subiri. Hospitali iko ng'ambo ya mji. Pikapu ile pale, milango wazi, tangi limejaa.

Akakimbilia mtaroni. Akaingiza mkono mpaka begani. Tope. Chupa. Kitambaa. Tope. Akapapasa tena pale pale, kama vile tope lingebadili nia.

"Mdogo wangu," dada aliita. "Wewe hukujibu."

Akarudi, akapiga magoti. "Nyamaza, dada. Jibu limeshasemwa."

"Na yeye. Wewe bado. Umeshindwa?"

Alitaka tu aendelee kuongea. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Walipokuwa wadogo alikuwa akimpa miji mikubwa, ile ya kwenye redio, naye dada anaipokea yote, anasimulia safari kabla ya kutoa jibu. Sasa mikono yake ilikuwa ya tope na damu, na mji uliobaki ulikuwa mmoja.

"Nakupa hospitali."

Dada alitabasamu kidogo.

"Haya," alisema. "Nimekwenda hospitali. Nilipofika..."

Dereva akasubiri.