Kibao cha Darasa la Tano

Upepo wa asubuhi wa Makambako hauna adabu, unapenya mpaka ndani ya sweta. Prisila alifagia uwanja wa shule pamoja na wenzake wa Darasa la Tano, akanawa mikono, akaingia darasani na kufunga mdomo. Hakuufungua tena mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Sababu haikuwa baridi. Mwalimu Elina, anayewafundisha Kiingereza, alikuwa ameanzisha mchezo wa kibao. Kilikuwa kipande cha mbao ya paina kilichofungwa kamba. Ukisikika ukiongea Kiswahili, au Kibena cha nyumbani, darasani, au hata wakati wa mapumziko, unavishwa shingoni, na unakaa nacho mpaka umnase mwingine. Atakayemaliza wiki bila kukivaa ndiye atakuwa muuzaji katika mchezo wa kuigiza soko kwa Kiingereza, siku darasa litakapokwenda kucheza na wenzao wa shule moja ya Njombe mjini.

Prisila aliitaka nafasi hiyo kuliko nguo mpya ya sikukuu. Mama yake alifanya kazi Njombe, akichambua maparachichi kwenye ghala, naye Prisila aliishi na bibi. Hawakuwa wameonana tangu Krismasi. Kwenye simu mama alikuwa amesema, "Nitaomba ruhusa kazini, mwanangu. Nataka nikuone ukisimama mbele za watu."

Basi Prisila akapata mbinu yake: asiyesema neno hanaswi. Akiulizwa kitu, anatikisa kichwa. Akihitaji kifutio, ananyoosha kidole. Mwenzake wa dawati, Anold, alikuwa hawezi kunyamaza hata akila. Alijaribu Kiingereza, kikamwishia njiani, akamalizia kwa Kibena. Kibao kilimzoea kabisa.

Ijumaa Mwalimu Elina akatangaza kwamba Prisila ndiye muuzaji. Darasa likapiga makofi, na Prisila akafurahi mpaka masikio yakapata moto.

Jumatatu walifanya mazoezi. Mezani palipangwa viazi, njegere na maparachichi. Anold, akiwa mnunuzi, alimsalimia Prisila kwa Kiingereza na kumuuliza bei ya viazi. Prisila alilijua jibu. Alikuwa ameliandika vizuri daftarini na kupata vema. Lakini ulimi ulikataa. Akatazama viazi, viazi navyo vikamtazama. Mwishowe machozi yakamtoka.

Mwalimu Elina akamkalisha kando. "Prisila, wiki nzima umeongea mara ngapi?"

"Sijaongea, Mwalimu," alijibu kwa sauti ndogo. "Niliogopa kuvishwa kibao. Na mama anakuja."

 Mwalimu akaligeukia darasa.

"Mwenzenu amekosea, lakini mimi nilitangulia kukosea," alisema. "Nilitaka mzungumze, nikaweka adhabu ya kuwanyamazisha. Kuanzia leo tunageuza mchezo. Kibao anavaa anayejaribu kusema Kiingereza, hata sentensi yake ikiwa imepinda. Tukifika Njombe, aliyejaribu kuliko wote ndiye atakayekivaa na kuuza."

"Si itakuwa Anold!" watoto wakapiga kelele.

Hata Prisila alidhani hivyo. Hata hivyo, jioni ile alianza kazi. Alimwomba Anold aje nyumbani, wakacheza soko na bibi, ambaye alinunua kila kitu kwa kuitikia "yes" tu. Alizungumza na mbuzi. Alizungumza akichota maji. Darasani alinyoosha mkono mpaka bega likamuuma. Siku moja alitaka kuuza kuku, akasema "kitchen" badala ya "chicken", ikawa ametangaza kwamba anauza jiko. Darasa zima lilivunjika mbavu. Prisila aliona aibu, kisha akacheka na yeye, akaanza upya. Wakati huu kuku akawa kuku.

Siku ya safari Mwalimu Elina alimvisha Prisila kibao. Anold ndiye aliyeshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kule Njombe, Prisila alisimama nyuma ya meza na kuuza. Alikosea mara kadhaa, akajisahihisha, akaendelea. Viazi vyote vilipata mnunuzi.

Mchezo ulipokwisha, mama yake alitoka katikati ya wazazi akiwa bado na aproni ya kazini. Alimkumbatia, kisha mkono wake ukagusa kibao. Uso ukambadilika. Alikikumbuka kibao cha namna hiyo tangu alipokuwa mwanafunzi.

"Mwanangu, umefanya kosa gani?"

"Makosa mengi sana, mama," Prisila alijibu kwa fahari. "Ndiyo maana nimepewa."

Mwalimu Elina akacheka, akamsalimia kwa Kibena na kumweleza yote. "Kamwene, Mama Prisila. Alipokuwa hasemi, hakukosea hata mara moja, na hakujifunza kitu. Alipokubali kukosea mbele za watu na kurudia, ndipo akajua. Watoto, msiogope kosa la mtu anayejaribu, na msimcheke mpaka akanyamaza."

Mama alifuta macho kwa ncha ya aproni. "Basi niuzie parachichi."

"Kwa Kiingereza, mama."

"Mimi? Na hawa wote wananiangalia?"

Prisila alingoja tu, akitabasamu. Mama akajikohoza, akatazama kulia na kushoto, kisha akasema kitu kilichopinda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Prisila akavua kibao na kumvisha.