Supu Kwenye Maharage ya Posa

“Mboje, hii sufuria umeitia nini?”

Mboje aliegemea ukuta wa jiko, akacheka.

“Kwani mgeni wako amekufa? Si anakula tu?”

Kwandu aliunusa tena mwiko. Maharage aliyoyaunga mwenyewe kwa mafuta ya alizeti, kitunguu na nyanya yalikuwa yananukia supu ya ng’ombe.

“Bakuli moja tu,” alisema kaka yake. “Nilitaka nione kama huyo mungu wao atashuka hapa Migato. Wanakuja kumchukua dada yangu, halafu wanauliza sufuria zetu zimeoshwaje! Sisi ni wachafu?”

Kofi lilitua shavuni mwake kabla hajamaliza kucheka.

Sebuleni walikaa Hiren, mwenye duka la vipuri vya matrekta mjini Bariadi, na mama yake. Walileta posa. Hiren na Kwandu walikuwa wamependana miaka miwili, na kijana alishaieleza familia ya Kwandu mapema: kwao Wahindu ng’ombe anaheshimiwa kama mama, maana hunywesha maziwa hata asiowazaa. Mama yake hali nyama yoyote. Anaamini kila kiumbe kina roho, na roho hiyo huzaliwa tena na tena. Tangu utotoni hajawahi kuonja.

Mboje alimshika Kwandu mkono.

“Nyamaza, wewe! Akijua, ndoa hamna.”

Hilo lilikuwa kweli, na Kwandu alilijua. Hata hivyo aliuchomoa mkono, akaingia sebuleni.

“Mama, acha kula. Kaka yangu ametia supu ya ng’ombe kwenye maharage. Nimejua sasa hivi.”

Mama Hiren aliitazama sahani. Ilikuwa imebaki nusu. Alinyanyuka, akatoka kwenda uani, na wote wakamsikia akitapika.

Hiren aliruka kutoka kitini.

“Ulijua?”

“Ningejua ningemtengea?”

“Jiko la nani hili, Kwandu? La nani?”

“Usinipigie kelele! Nimekuja kusema mwenyewe!”

“Umesema wakati ameshameza!”

Gari liliondoka kwa kasi, likawaachia vumbi. Jioni Kwandu aliandika: “Hiren, pokea simu. Nakuomba.” Jibu lilikuja kesho yake: “Mama anafunga, anakunywa maji tu. Niache.” Baada ya hapo simu haikupatikana tena.

Mzee Ngeleja, baba yao, alimwita Mboje zizini.

“Yule dume mwenye baka jeupe ni wa nani?”

“Wa masamva, baba. Wa mizimu ya babu.”

“Anachinjwa?”

“Hachinjwi. Hauzwi.”

“Sasa mtu amchinje kwa siri, anilishe mimi ndani ya mboga, halafu anicheke. Utamfanyaje?”

Mboje aliangalia chini.

“Nakuuliza, mpumbavu wewe! Utamfanyaje?”

“Nitampiga, baba.”

“Na yule mama ni mgeni wangu! Amekaa kwenye kiti changu, akala kwa kuniamini mimi! Kesho unakwenda Bariadi. Utaongea kwa mdomo wako huohuo.”

Siku ya nne walifika Bariadi wote watatu, mzee na wanawe. Mama Hiren aliwafungulia mwenyewe, amekonda uso. Nyuma yake, kwenye kijimeza cha ibada, taa ndogo ya samli iliwaka mbele ya picha ya Krishna na filimbi yake, ng’ombe amelala miguuni pake.

“Mwadila, mayu,” mzee alisalimia kwa Kisukuma, kofia mkononi.

Mboje alipiga magoti.

“Mama, ni mimi. Dada hakujua. Nilifanya kwa chuki tu.”

“Mimi nilikosa nini kwako?”

“Hukukosa, mama.”

“Dini yangu inasema kila tendo linamrudia mtendaji. Tunaita karma. Mimi sikukusudia, nimefunga, nimesali, nimemaliza. Wewe ulikusudia. Hilo ni lako, utalibeba.” Alimnyooshea kidole. “Na usidhani nimekusamehe kwa sababu umepiga magoti!”

Hiren alitokea mlangoni. Alipomwona Kwandu akaanza, “Kwandu, mimi…”

“Sikuja kukuomba msamaha!” Kwandu alimkata. “Kosa ni la Mboje. Lako ni kunizimia simu siku zote hizi! Ndivyo utakavyonifanya kila kwenu na kwetu wakigombana?”

“Nilikuwa na hasira.”

“Na mimi je? Ningenyamaza siku ile, leo ungekuwa unachagua tarehe ya harusi!”

Mama Hiren alimgeukia mwanawe.

“Anasema kweli. Kaka alinidanganya, yeye akanitoa kwenye uongo huku akijua atakupoteza. Wewe unamwadhibu nani? Mwombe radhi. Sasa hivi, mbele ya baba yake.”

Hiren aliinama, akagusa miguu ya Mzee Ngeleja kwa heshima. Kisha akamtazama Kwandu.

“Nisamehe. Sitazima simu tena.”

“Zima uone,” alisema Kwandu, machozi yakimtoka kwa ghadhabu.

Mama Hiren alikuwa bado na neno.

“Mboje, harusi itakuwepo. Kwenye ndoa yetu maharusi huzunguka moto mara nne. Kila mzunguko, kaka wa bibi harusi humwekea shayiri na ufuta mikononi, naye anautolea moto. Hiyo kazi ni yako. Na mwezi mzima kabla ya siku hiyo usile nyama.”

“Mwezi mzima, mama?”

“Mzima!” Mzee Ngeleja alinguruma.

Mboje aliutimiza. Siku ya harusi, ndani ya banda la maua, alisimama kando ya dada yake ambaye hakuwa amemsemesha tangu siku ile ya jikoni. Kuhani alisoma, moto ukapanda, Hiren akasubiri katika kilemba chake chekundu.

“Dada,” Mboje alinong’ona, “basi yaishe.”

Kwandu, ndani ya sari nyekundu, alimkazia macho.

“Yataisha siku nitakayotaka mimi. Weka nafaka.”

Akaweka. Kwandu aliimimina motoni, akamfuata mume wake mzunguko wa kwanza.