Tofali Chini ya Pampu

Jioni ile nilikuwa nimetumwa mkate. Mkate tu. Mke wangu alinipa mwavuli, akanionya nisipitie kijiweni, maana mdomo wangu ukipata wasikilizaji, mkate hufika nyumbani umeota ukungu. Mvua ilikuwa siku ya tatu. Jua halijazama, lakini giza lilikuwa limeshajikaribisha. Nilikuwa natoka dukani simu ikalia.

Alikuwa mdogo wangu, mshona nguo, kitinda mimba wa mama yetu. Hata salamu hakutoa. Alisema pampu ya chumba cha chini inanguruma lakini haivuti. Maji yamefika vifundoni. Mama mkwe wake yuko kule chini, kitandani, na hawezi kumwinua peke yake. Nikamuuliza mumewe yuko wapi. Yuko safarini na lori lake, na barabara imekatika. Majirani je? Kila mmoja anachota kwake.

"Kaka," akasema, "uliniahidi utaisafisha kabla ya mvua."

Niliahidi, kweli. Mwezi wa kwanza nikasema kesho, wa pili nikasema kesho, na kesho ni neno tamu, halimgharimu mtu kitu.

Sasa mnijue kidogo. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Lakini kwenye pampu, jamani, wenzangu huniita Chura, kwa sababu hakuna shimo la maji lililowahi kunitoa jasho. Nikisimama mlangoni nikasikia mota inavyolia, nakwambia kama ni boya lililokwama, au chujio limeziba, au bomba la kutolea limejaa mchanga. Kuna pampu moja iliniona naingia getini, ikajiwasha yenyewe kwa heshima. Anayebisha akaiulize.

Shimo moja tu sikuwahi kuligusa, nalo ni la nyumba ile ile ya mdogo wangu. Baba mkwe wake alilichimba kwa mikono yake, na mpaka anaingia kaburini hakuruhusu fundi alisogelee. Alikuwa akilisafisha mwenyewe, mlango kaufunga kwa ndani. Sisi tulisema mzee ni bahili.

Nilifika nimelowa kama kuku. Ngazi za kushuka zilikuwa kumi na mbili, nyembamba, ukuta huku na ukuta huku. Chini kulikuwa na cherehani ya mdogo wangu imepandishwa juu ya meza, vitambaa vinaelea, na pembeni kitanda cha bibi, yule mama mkwe wake. Kiharusi kilikuwa kimemlaza miaka sita. Miguu yote miwili na mkono wa kushoto vilikuwa kama si vyake. Nywele zake nyeupe mdogo wangu alikuwa akizipunguza kwa mkasi kila mwezi, zikabaki kama pamba iliyochambuliwa. Mwanawe alikuwa amemtengea chumba cha juu, chenye dirisha na jua. Alikikataa. Chumbani humu, alisema, hatoki.

Shimo la pampu lilikuwa hatua nne kutoka kitandani kwake.

Nikachomoa plagi kwanza, maana umeme na maji ni mashemeji wasiopatana. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono hadi begani. Hapo ndipo bibi akanong'ona.

"Isafishe, mwanangu. Lakini kiti chake usikitoe."

Nikamwitikia ndiyo mama, kwa ile sauti ya mtu atakayefanya anavyotaka.

Mashimo yote hunuka tope, au choo, au panya. Hili lilikuwa linanukia sabuni. Sabuni ya kuogea... kama mtu aliyetoka bafuni sasa hivi.

Nikaigeuza pampu kwa chini. Lile feni dogo la ndani linalosukuma maji lilikuwa limefungwa na kitu. Nikavuta. Kikaja. Nikavuta tena, kikaendelea kuja.

Nywele.

Nyeusi, ndefu kuliko mkono wangu, na zilikuwa na mafuta. Mafuta mabichi, ya kupakwa leo. Nikamwambia mdogo wangu ni nyuzi zake za cherehani, nikazikata kwa koleo haraka, nikazizungushia tambara. Akaniamini. Maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye misuli ya miguu yetu, hakuwa na nafasi ya kubisha.

Sasa hapa ndipo ufundi wangu uliponiponza. Kila fundi anajua pampu haikai juu ya tope, itakula tope. Inakaa juu ya tofali. Hii haikuwa juu ya tofali. Kiti chake, kama bibi alivyokiita, kilikuwa chungu, chungu cha udongo kilichopinduliwa, mdomo chini, kitako juu. Kitako cha chungu ni mviringo. Pampu ikiwaka inacheza, ikicheza inakwama, ikikwama watu wanazama. Niliona aibu kwa niaba ya marehemu. Nikajiambia, Chura akitoka hapa akaacha pampu imekaa juu ya chungu, kesho watu watasema nini?

Nikakishika. Hakikutoka. Kilikuwa kimenata kama kinavutwa kwa ndani. Nikakaza meno, nikakizungusha, kikaachia kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi baada ya kukaa sana chini ya maji.

Hhhhhaa...

Nikasema ni hewa. Nilikiweka kwenye ngazi ya tatu, taratibu kabisa, naapa. Kikapasuka vipande viwili bila kuguswa.

Nikatafuta tofali lililokuwa likizuia mlango, nikaliweka chini, nikaikalisha pampu juu yake, nikachomeka. Ilivuta! Ilivuta mpaka nikacheka. Maji yakashuka misulini, yakashuka vifundoni, sakafu ikaanza kuonekana. Mdogo wangu akaketi kwenye ngazi akafunika uso kwa mikono, analia kwa faraja. Mimi nikaanza hotuba. Nikamweleza kuhusu matofali, kuhusu vyungu, kuhusu wazee na mambo yao.

"Chungu kiko wapi?"

Bibi hakuuliza kwa hasira. Nikamwambia nimekitoa, mama, nimekuwekea tofali, sasa utalala salama. Kisha akaniita kwa mkono wake mzima, nikainama mpaka sikio likafika midomoni mwake.

"Mume wangu alikuwa na mke kabla yangu," akanong'ona. "Watu waliambiwa amerudi kwao. Hakuna aliyemwona akipita mlangoni."

Nikataka kuuliza. Sikuuliza, kwa sababu nilisikia kitu ambacho fundi hapendi kukisikia. Shimo lilikuwa limekauka, boya limelala chini, na pampu ilikuwa bado inavuta. Boya likilala, pampu hunyamaza. Ndiyo kazi yake. Nikachomoa plagi.

Ikaendelea kuvuta.

Nilikuwa nimeishika plagi mkononi, mdogo wangu anaitazama, na pampu inavuta. Inavuta nini, sijui. Maji hayakuwapo. Ikavuta, ikavuta... kisha ikanyamaza yenyewe.

Kimya.

Halafu kwenye bomba la kutolea, ukutani, kukawa na mlio. Ko... ko... ko... Kuna vali pale, kijilango kidogo cha kuzuia maji yaliyotoka yasirudi. Kitu kilikuwa kinakigonga kwa upande wa nje, kwa adabu, kama mgeni anayepiga hodi.

Ko... ko...

Taa ikazimika. Kijilango kikafunguka na maji yote tuliyoyatoa yakarudi kwa mkupuo mmoja, ya baridi, hadi magotini. Mdogo wangu akawasha tochi ya simu. Nikamwambia apande mbele aniangazie, namleta bibi.

Bibi alikuwa anaongea. Hakuwa anaongea na sisi.

"Karibu, mwenzangu," alikuwa akinong'ona. "Nimekulinda mpaka nimechoka."

Kitanda kikalia. Kililia kama kinavyolia mtu wa pili anapoketi ukingoni.

Sikutazama. Nawaambia ukweli, mimi ambaye natazama kila kitu, sikutazama. Nilipapasa gizani, nikaushika mwili, nikaufunga mgongoni kwa shuka kama mtoto, nikazikimbilia ngazi. Maji yalikuwa kiunoni. Tochi ya mdogo wangu ilikuwa juu mbali.

Bibi alikuwa mifupa na ngozi tu. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, hana uzito. Ngazi ya tano akawa mzito. Ya sita nikahisi nywele zenye maji zikinipiga shavuni. Ya saba mikono ikanizunguka shingo, ikakaza.

Mikono miwili.

Na pale, nyuma yangu, chini, nikasikia sauti ndogo sana juu ya maji.

"Mwanangu... umeniacha."

Mdogo wangu hakuisikia. Alikuwa akiita kaka, njoo, kaka, njoo. Nilisimama kwenye ngazi ile. Nilisimama kiasi cha mtu kuvuta pumzi tatu, na kwenye kila pumzi nilijiambia geuka. Ile mikono shingoni haikunilazimisha. Ilisubiri tu, ione nitafanya nini.

Nikapanda.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Chumba cha chini kilikuwa kikavu, hata tope hakuna, na kitandani shuka lilikuwa limetandikwa vizuri. Tulishuka na tochi mbili, tukaangalia kila kona. Nilijiambia, umeona? Hakuna mtu. Na juu, kwenye chumba chenye dirisha, bibi alikuwa ameketi. Siku ya nne akasimama. Wiki ya pili akatembea hadi jikoni, akaomba kitana na mafuta. Kichwani pake, chini ya ile pamba nyeupe, zilikuwa zinaota nyeusi.

Shemeji aliporudi na lori lake alimkuta mama yake mlangoni, amesimama, akaanguka miguuni pake akalia kama mtoto. Kisha akanikumbatia. Aliita majirani waje wamwone fundi aliyemtoa mama yake majini, na juu ya hayo akapata miguu. Aliniuliza mbele yao wote nilifanya nini.

Nikasema niliweka tofali. Wakacheka, wakanipigia makofi. Sikutaja chungu. Ningekitaja ningelazimika kutaja na kilichofuata, na Chura hajawahi kuharibu kazi.

Mdogo wangu alinivuta pembeni wiki hiyo hiyo. Alikuwa amekonda. Alisema mama anampenda sasa, anampikia, anamsuka, hajawahi kupendwa hivyo katika nyumba ile. Kisha akashusha sauti.

"Lakini kaka, anamwita mwanawe kwa jina la marehemu baba yake. Na hajui hata kovu la mguuni mwa mwanawe lilitokana na nini."

Nikamwambia kiharusi hufuta kumbukumbu. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Akaniomba, kama naijua habari yoyote, nimwambie sasa, kabla hajaizoea furaha yake. Nikamwambia sina.

Haukupita mwezi, bibi akataka lile shimo lizibwe. Maji hayaji tena, alisema, la kazi gani? Shemeji akaleta saruji, kokoto na mchanga, akasema hakuna wa kuifanya kazi hiyo ila mimi.

Nilishuka peke yangu na karai. Nilipogeuka, alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinishikia taa. Nywele zilikuwa zimefika mabegani, na chumba chote kilinukia sabuni. Nikatoa pampu, nikalitoa tofali. Shimo lilikuwa kavu, na giza lake lilikuwa refu kuliko mkono wangu. Nikachanganya. Nikamwaga karai la kwanza, na la pili. Kabla ya la tatu nikasikia kugongwa.

Kulikuwa chini sana. Kugonga dhaifu, kwa kituo, kama kwa mtu asiyeweza kusimama, mwenye mkono mmoja tu unaofanya kazi.

Nikamtazama. Naye akanitazama. Taa haikutikisika mkononi mwake.

"Malizia, fundi," akasema kwa upole. "Au una la kuwaambia?"

Pale juu nilisikia shemeji akicheka na mkewe. Mwiko ulikuwa mkononi. Nilikuwa na la kuwaambia.

Nikamwaga karai la tatu. Nikalisawazisha, nikalipiga mwiko mpaka likang'aa. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na ndiyo pekee ambayo sijawahi kujisifia.

Mdogo wangu hushona chumba kile kile mpaka leo. Mara moja aliniuliza mbona sakafu pale hugonga jioni. Nikamweleza kwamba saruji mbichi ikishika hulia kidogo, ni kawaida, asiwe na wasiwasi. Hakuuliza tena.

Saruji hushika kwa siku chache. Ile yangu ina mwaka wa pili.